Shavu la Kapita

Siku ya soko mjini Baraka hakuna anayetembea. Watu wanasukumwa tu. Pikipiki zinapita kati ya mabeseni ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, akina mama kutoka Lubondja wamekaa nyuma ya mafungu ya mihogo, na harufu ya mawese inakuingia puani hata ukijifunika. Katika msukumano huo Ikirezi alisukumwa na gunia la unga lililobebwa na mtu asiyeomba radhi, akajikuta ameegemea meza ya Useni.

Useni aliuza vitu vya ziwani: nyavu, ndoana, maboya, plagi za moteri za boti. Alikuwa amevuka miaka thelathini, kofia ya kufuma kichwani, shati jeupe lililopigwa pasi kuliko soko lile lilivyostahili. Aliinua macho, akaona msichana mrefu mwenye blauzi nyeupe, sketi ya kitenge cha kijani na buti za mpira za mtu anayekwenda kukama. Sketi na buti havikupatana hata kidogo. Useni alimpenda hapo hapo, na sina namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

"Mi natafuta nailoni," Ikirezi alisema. "Ile yenye iko nyembamba kupita zote."

"Ya samaki gani?"

"Haiko ya samaki. Iko ya mbuzi."

"Mbuzi ya kwenu inaogelea?"

"Inashonwa. Kama imechanika."

Useni akaitazama tena ile sketi, kisha zile buti, na mambo yakamkaa sawa. "We njo Dokta ya banyama? Mwenye alifungua famasi kwa barabara ya Fizi?"

"Njo miye."

"Basi Mungu amekusukuma. Niko na mbwa moja, analia na shavu."

Ikirezi, aliyekuwa ameanza kufungua mkoba wake, akauacha. "Analia na shavu namna gani?"

"Maji inatoka hapa." Useni akajigusa shavuni, chini kidogo ya sikio. "Batu wote banasema ameshikwa na wazimu, niue. Mi nasema mbwa ya wazimu haijue jina yake. Huyu nikimwita anakuya."

"Iyo maji inatokaka saa yote, ao saa ya kula tu?"

Useni alifikiri. Hakuna aliyewahi kumwuliza. "Saa ya kula."

Msichana akatabasamu, na lile tabasamu halikuwa la Useni, lilikuwa la ugonjwa. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato. "Usimuue," alisema. "Nitakuya leo, jua ikipungua. Nailoni ni pesa ngapi?"

"Nailoni ni ya mbwa sasa. Beba."

Ikirezi alizaliwa Bibokoboko, juu milimani, kati ya ng'ombe na ibada ya Jumapili. Imepita miaka ya vita ambayo mtu wa kule hakushuka Baraka kununua hata chumvi, wala wa Baraka hakupanda kununua maziwa. Yeye alisomea utabibu wa wanyama Bukavu, akashuka, akapanga chumba, akapachika kibao. Siku za kwanza watu walipita wakikitazama kile kibao bila kuingia. Kisha mbuzi wakaanza kufa, na mtu ambaye mbuzi wake anakufa hana muda wa kuuliza mganga ametoka mlima gani.

Jioni ile alifika kwenye depo ya Useni, ghala lililo ufukoni, ambako familia yake iliweka moteri za boti zake mbili. Mlinzi wa moteri hizo alikuwa mbwa wa rangi ya mchanga, kichwa kikubwa, sikio moja limekatika. Jina lake Kapita. Miezi michache nyuma wezi walikuja kutafuta moteri, Kapita akawatafuta wao, na mmoja akampiga panga la shavu kabla ya kukimbia. Kidonda kilifunga chenyewe, ila pakabaki tundu dogo lisilofunga.

Ikirezi alivaa glavu, akaomba ndimu. Alimkamulia Kapita tone moja ulimini. Mara hiyo hiyo maji meupe, membamba, yakachuruzika kutoka shavuni mpaka shingoni.

"Unaona?" alisema. "Haiko usaha, haiko wazimu. Iko mate. Chini ya sikio kuna kifuko yenye inatengeneza mate. Kutoka pale kuna mrija kidogo inapita ndani ya shavu, inaenda kufunguka kwa kinywa, karibu na jino kubwa ya juu. Panga ilikata mrija. Sasa mate haijue njia ya kinywa, inatokea huku."

"Sasa itakuwa namna gani?"

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, nitafute vipande viwili ya mrija, niviunganishe. Kama haiwezekane, naufunga kwa nyuma kabisa. Kifuko kitavimba siku kidogo, kiisha kitakauka chenyewe. Mbwa ana vifuko vingine, hatakosa mate. Lakini mi napenda ya kwanza."

"Juu ya nini?"

"Juu kitu ya mutu ikikatika, kwanza unajaribu kuunga."

Useni alilibeba neno hilo mpaka nyumbani na hakulala upesi.

Upasuaji ulipaswa kungoja. Palikuwa na uchafu ndani ya tundu, na Ikirezi alitaka dawa iutoe kwanza. Useni akapewa vidonge na maagizo, na pamoja na maagizo akapewa namba ya simu. Hapo ndipo Kapita alipokuwa mbwa mwenye habari nyingi kuliko mbwa yeyote wa Fizi.

"Alo, Dokta. Kapita amekula."

"Amekula nini?"

"Bugali na vichwa ya ndagala. Anakusalimia."

"Jana alinisalimia mara tatu. Haone haya?"

"Nilimwambia apunguze. Anasema hawezi."

"Mwambie Dokta iko na kazi."

"Nimemwambia. Anauliza kama Dokta amekula, ye mwenyewe."

"Mwambie bado."

"Basi anasema mukeke ya kuchoma inamungojea hapa kando ya ziwa, na ndizi. Anasema atalipa."

Wakala mukeke, samaki mtamu wa ziwa lile. Wakala tena wiki iliyofuata. Useni akaacha kumwita Dokta, akaanza kumwita sheri, yaani mpenzi, kwanza kwa simu ambako aibu haionekani, baadaye uso kwa uso. Ikirezi alimwita Useni tu, lakini kwa namna ambayo jina hilo halikuwa limewahi kutamkwa na mtu mwingine. Penzi ni kikohozi, halifichiki. Riziki, dada mkubwa wa Useni, alipokuwa akinunua sukari aliulizwa na watu watatu kama kwao wanahamia milimani.

Siku moja depo, Kapita alimrukia bwana wake kwa furaha, na Useni akaruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto. Ikirezi alicheka.

"Unamuogopa mbwa yako mwenyewe?"

"Simuogope. Namupenda. Lakini mate yake kwetu ni najisi. Ikinigusa, sisali mpaka nioshe pale mara saba, na moja iwe na udongo. Sahani pia, nguo pia. Mama njo mukali zaidi. Akisikia mate ya mbwa imefika kwa sinia yake, sinia ile anaweza kuitupa kwa ziwa."

"Mara saba," Ikirezi alirudia.

"Saba."

Useni hakusema zaidi, kwa maana alidhani amemaliza. Wale waliozaliwa ndani ya jambo huwa hawajui ni wapi mgeni ameachwa nje. Ikirezi aliyaweka maneno hayo kichwani kama alivyoweka vipimo vya dawa, na kama mwanafunzi mwema alijiongezea moja ambalo halikusemwa: alidhani kuosha huko kuna dua yake, na kwamba asiyeijua dua anaweza kuosha mpaka ngozi itoke na bado akabaki hivyo hivyo.

Mama Riziki, mama yake Useni, mjane, mwenye boti mbili na sauti moja tu ndani ya nyumba yake, alikuwa ameshasikia yote. Hakukataa. Alisema, "Mulete Ijumaa, kiisha sala. Nimuone anakula. Mutu unamujua kwa sinia." Useni alielewa vizuri kwamba Ijumaa hiyo ndiyo mahari, ndiyo ndoa, ndiyo kila kitu. Baba hayupo, mama akisema hapana, hapana hiyo haina rufaa. Alimweleza Ikirezi waziwazi, na Ikirezi akashonesha gauni la kitenge cha bluu chenye maua ya manjano, mikono mipana, la kumpendeza mama mkwe.

Alhamisi Useni alikwenda Swima na boti kuchukua mzigo, akaahidi kurudi kabla ya sala.

Ijumaa asubuhi Kapita alijikuna. Alijikuna kwa kucha za mguu wa nyuma mpaka shavu likafunguka, na Bertin, msaidizi wa Ikirezi katika famasi, aliyekwenda kumwangalia kwa kuwa Useni alisafiri, alipomleta, mbwa alikuwa amelowa damu mpaka kifuani. Ikirezi alitazama jua, akatazama gauni la bluu lililoning'inia ukutani, akatazama shavu. Kidonda kibichi kilikuwa bahati. Mrija ulikuwa unaonekana, mweupe, mwembamba. Kesho shavu lingevimba na hakuna ambaye angeuona tena.

"Tufanye sasa," alisema.

Alimchoma sindano ya usingizi, wakamnyoa, wakamsafisha. Akachukua kipande cha ile nailoni ya Useni kilichokuwa kimelala ndani ya dawa, akakiyeyusha ncha kidogo kwa moto wa kibiriti ili iwe duara isitoboe nyama. Kisha akafungua kinywa cha Kapita, akatafuta kile kitundu kando ya jino kubwa la juu, kidogo kama alama ya sindano, akaisukuma nailoni ndani taratibu. Ilitokea kwenye kidonda. Ikirezi alivuta pumzi. Ilibaki kuipitisha katika kipande cha nyuma, ambacho kilikuwa kimejificha chini ya kovu, na hapo ndipo glavu iliposhikwa na jino na kuchanika kutoka kidole mpaka kiganjani. Ilikuwa jozi ya mwisho ndani ya boksi.

"Dokta, nikatafute zingine kwa soko?" Bertin aliuliza.

"Dawa ya usingizi haingoje."

Akaivua, akasafisha mkono kwa spiriti, akaendelea na vidole vyake. Ilikuwa kazi ya vidole. Kipande cha nyuma kilipatikana, nailoni ikapita, vipande viwili vikakaribiana juu yake na akavishona kwa uzi usioonekana vizuri. Nailoni aliibakiza ndani ya mrija ili usizibe, akaishika kwa nyuzi upande wa ndani wa shavu. Kapita alikoroma. Mate yake yalikuwa yamefika mpaka kwenye kiwiko cha Ikirezi.

Waadhini walikuwa wameshaita. Ikirezi aliosha kwa sabuni, akaosha tena, akahesabu saba, akachota udongo wa uani. Akamgeukia Bertin.

"We ulikaa na Baislamu. Banasemaka dua gani wakati ya kuosha?"

"Mi niko wa kanisa, Dokta. Siijue."

Akampigia Useni. Simu haikupatikana, Useni alikuwa msikitini. Akavaa gauni la bluu na kwenda.

Uani kwa Mama Riziki mikeka ilikuwa imetandikwa. Mama mwenyewe alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya zabibu, akanyoosha mkono kumsalimu. Ikirezi alikunja mikono kifuani, akainama sana.

"Shikamoo, mama."

Mkono wa Mama Riziki ulibaki hewani kidogo, kisha ukarudi. "Marahaba. Karibu."

Sinia ikaletwa: wali, mikeke ya kukaanga, sombe ya majani ya mihogo iliyopikwa na karanga. Wakakaa wote kuizunguka, Mama Riziki, Riziki, Useni na kanzu yake ya Ijumaa, mashangazi wawili. Birika la kunawia likapita. Lilipomfikia Ikirezi alilipitisha kwa mwenzake bila kunawa.

"Kula, mutoto yangu," Mama Riziki alisema.

"Asante, mama. Nimeshiba."

Mashangazi wakatazamana. Useni akacheka ili kulifunika. "Sheri, hapa hakuna mutu anakuyaka ameshiba."

"Nimeshiba kweli."

"Riziki, mupatie kijiko," Mama Riziki alisema. "Pengine kwao banakulaka na kijiko."

"Hapana, dada. Usijisumbue." Mikono yake ilikuwa imeingia ndani ya ile mikono mipana ya gauni, haionekani hata kucha.

Huku kwetu sumu ni neno linalotembea. Mtu akifa ghafla, watu hawaulizi aliumwa nini, wanaulizana alikula kwa nani. Ndiyo maana mwenye nyumba mwenye heshima zake huonja kwanza mbele ya mgeni, na mgeni anayekataa kabisa amesema jambo zito bila kufungua kinywa. Mama Riziki alichukua tonge upande wa Ikirezi wa sinia, si upande wake, akalitia kinywani, akatafuna polepole, akameza.

"Unaona nimekula," alisema.

Ni wakati huo Ikirezi alipoelewa wanafikiri nini. Alikuwa na jibu, tena la kweli: mama, tangu asubuhi vidole vyangu vilikuwa ndani ya kinywa cha mbwa. Lakini watu watano walikuwa na wali mikononi. Ukisema neno hilo juu ya sinia ile, sinia imekwisha, na mtu aliyeipika tangu alfajiri ni mama wa mwanamume unayemtaka. Alinyamaza. Aliona ni adabu, na kusema kweli ilikuwa adabu, ila haikuwa na mtu wa kuitafsiri.

Useni alimsindikiza mpaka langoni. Alitaka kumshika mkono; Ikirezi akaurudisha nyuma.

"Hata miye?"

"Nitakueleza kesho, Useni."

"Eleza sasa."

Nyuma yao mashangazi walikuwa wamesogeza mkeka karibu na lango. "Hapa siwezi."

Hasira ni hasara, na Useni alikuwa na hasira na aibu pamoja. "Kule kwenu balikufundisha kama sisi ni barozi? Mama yangu anapika kwa sumu?"

Katika maneno yote ya mji ule, hilo la "kule kwenu" ndilo Ikirezi alilokuwa akilisikia tangu siku aliyopachika kibao, watu wengine wakilisema juu ya watu wake. Na sasa limetoka kwenye kinywa alichokipenda. Ilimuuma, na maumivu hayo hayakwenda peke yake, kiburi kilikwenda nayo.

"Kama we unaweza kuniuliza ile," alisema, "mi sina jibu yako."

Akaondoka na gauni lake la bluu.

Mama Riziki hakupiga kelele. Jioni alimwambia mwanawe akiwa anakunja mkeka, "Mutoto ni muzuri. Lakini siwezi kuishi nyumba moja na mutu mwenye anaogopa mukono yangu. Nitakuwa namupikia, ananitazama."

Useni alikwenda depo akamkuta Kapita ameshonwa, shingoni amevalishwa kola iliyokatwa kutoka kwenye bido, dumu la plastiki la manjano, ili asijikune tena. Alijua basi kwamba Ikirezi alifanya kazi asubuhi ile. Hakuunganisha mambo. Alikuwa amemwona akiwa na glavu kila mara, na katika kichwa chake Dokta na mate ya mbwa hawakuwahi kugusana.

Hakupiga simu. Ikirezi naye hakupiga. Kapita hakusalimia tena mtu. Bertin ndiye aliyekuwa akija kumsafisha kidonda, na Useni alikuwa anajiuliza kila alipoona pikipiki inasimama kama ataona buti za mpira, na kila mara ilikuwa ni viatu vya Bertin. Alikuwa na huzuni ya kijinga, ya mtu anayejua namba kwa moyo na vidole vinakataa. Usiseme ni mwanamume mzima. Wanaume wazima ndio wabaya zaidi.

Wiki zilipita, ikafika asubuhi ya kutoa ile nailoni. Bertin alikuja peke yake.

"Utanishikia kichwa, ndugu Useni. Mara hii hatumulaze."

"Mi simushikaka."

"Basi nani? Mi niko na mikono mbili tu."

Useni akavua kofia, akapiga magoti kwenye mchanga, akakikumbatia kichwa cha mbwa wake kwa mara ya kwanza tangu amnunue. Bertin alikata nyuzi ndani ya shavu, akavuta, na nailoni ikatoka nzima, safi. Akakata ndimu. Tone ulimini. Wote wawili wakasogeza nyuso.

Shavu lilibaki kavu. Kapita alimeza, akalamba pua, na shavu likabaki kavu. Wakampa vichwa vya ndagala, akatafuna kwa kelele, hakuna kilichotoka nje. Useni alihisi machozi na hakujishughulisha kuyaficha.

"Ameweza," alisema.

"Ameweza sana. Na ile siku, acha tu." Bertin alikuwa akifunga vyombo vyake. "Glavu ilipasuka katikati ya kazi, haikubaki ingine. Aliingiza mukono mpaka hapa. Kiisha akaniuliza Baislamu banasemaka dua gani juu ya kuosha mate ya mbwa. Nikamuambia sijue. Mara saba aliosha, na udongo, alafu akasimama pale anatazama mikono, kama haiko yake. Kwani alikuwa anaenda kwa sala?"

Kapita, akiwa huru na mwenye shukrani, alimlamba Useni uso kuanzia kidevuni mpaka jichoni, na bwana wake hakuruka.

Useni alifika kwao na kusimama uani, mbali na mkeka, mikono nyuma. Mama Riziki alikuwa anachagua mchele.

"Mbona hauingie?"

"Niko hapa tu, mama."

"Mutoto ya mutu anasimama kwa jua kama mudeni. Kuya ukae."

"Siwezi."

"Juu ya nini hauwezi?"

"Kapita amenilamba."

Mama Riziki akavuta ungo wake karibu, mbali naye. "Enda uoshe. Haraka."

"Mama. Kama ungekuwa unakula, mbele ya bageni, mi ningesema iyo neno?"

"Ungesema vile, ningekupiga na mwiko."

"Basi ile Ijumaa Ikirezi alikuwa ametoka kupasua Kapita. Glavu ilichanika. Mukono yake ilikuwa kwa kinywa cha mbwa. Hakujua kama kuosha kwake kunatosha."

Mama Riziki aliendelea kuchagua mchele. Alitoa kijiwe, akakitazama, akakitupa. Akatoa kingine. Kisha mikono ikasimama.

"Alikuwa analinda sinia yangu," alisema.

"Njo hivyo."

"Na mi nikaonja mbele yake kama murozi anajitetea." Akauweka ungo chini. "Riziki, washa moto. We Useni, baki pale pale, usiguse kitu. Tutaenda pamoja."

Mchana huo Ikirezi alikuwa nyuma ya famasi, akifunga bandeji kwenye mguu wa mbwa wa jirani, alipoona pikipiki mbili zinasimama. Kwenye ya kwanza alikaa Mama Riziki na mtandio wake wa zabibu, birika mkononi. Riziki alikuwa nyuma yake amekumbatia sinia iliyofunikwa kitambaa. Useni alikuwa kwenye ya pili, uso una vumbi, mikono ameifungia nyuma.

Ikirezi alisimama. Aliweka mikono nyuma yake pia, na kwa muda watu wawili hao walitazamana hivyo hivyo, kama wafungwa.

"Nilikuambia neno mubaya," Useni alisema. "Haukustahili kuambiwa vile. Bertin ameniambia yote. Nisamehe, Ikirezi."

Neno lile lilikuwa limemuuma Ikirezi kweli, na kitu kinachouma kweli hakiponi kwa kuombwa mara moja; ila kinaanza. "Ungeniuliza mara ya pili," alisema, "ningekuambia."

"Najua."

Mama Riziki alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Alifungua kifuko cha plastiki, ndani yake udongo mkavu wa uani kwake. "Leta mukono, mutoto yangu."

"Mama, nimetoka kushika mbwa."

"Njo nasema leta."

Akampaka udongo viganjani, katikati ya vidole, mpaka kwenye kiwiko, kama anavyooshwa mtoto. Akamimina maji. Akamimina tena. Ikirezi alimtazama mdomoni, akingoja.

"Dua yake ni gani, mama?"

"Haina dua." Maji yakapita. "Udongo na maji, basi. Ile siku ulikuwa umetakata, we peke yako njo haukujua. Na miye sikuuliza." Alimimina ya mwisho, akamfutia mikono kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe.

Riziki akafunua sinia. Ulikuwa wali uleule, mikeke ileile, sombe ya karanga. Mama Riziki alinyoosha mkono kuonja, na Ikirezi akamtangulia. Alichukua tonge kutoka upande wa mama, akalila, akachukua jingine. Mama Riziki aligeuza uso upande wa barabara, akakohoa, akasema vumbi la Baraka limezidi mwaka huu.

Useni akasogea na njaa yake.

"We toka," mama yake alisema. "Haujaosha mate ya Kapita."

Akasimama pembeni, mikono nyuma, akitazama mukeke ukipungua. Ikirezi alimwacha hapo kidogo zaidi ya ilivyolazimu. Kisha akainuka, akachukua birika na udongo.

"Leta," alisema. "Na uso pia. Alikulamba mpaka kwa jicho, inaonekana."

Alimpaka udongo shavuni, pale pale ambapo siku ya soko Useni alijigusa kuonyesha ugonjwa. Maji yakaanza kumiminika. Useni aliinama mbele yake, maji yakimtoka puani, na aliona hatapata tena nafasi ambayo msichana huyu amesimama tuli hivi.

"Ikirezi, nikuoe. Utakubali?"

"Usiharibu hesabu yangu," alisema Ikirezi. "Mama, ile ilikuwa ya ngapi?"

"Ya sita," Mama Riziki alijibu, kinywa kimejaa.

Ikirezi akamimina ya saba, taratibu, mpaka birika likaisha.

"Nitakubali," alisema. "Sasa kuya ukule, kabla Riziki hajamaliza samaki."